Uchovu wa Kila Siku na Mpangilio wa Saa: Uchambuzi kutoka Madinat Sultan Qaboos

Uchovu wa kila siku ni hali ya mtu kuamka bila nguvu, kufanya kazi za kawaida kwa kujikokota, na kufika jioni akiwa hana hamu hata ya mambo anayoyapenda. Haufanani na uchovu wa mchukuzi wa bandarini au mkulima, ambao usiku mmoja wa kulala vizuri huumaliza. Huu hurudi hata baada ya siku mbili za kupumzika, na mara nyingi huwapata watu ambao miili yao haikufanya kazi yoyote nzito. Msongo wa mawazo huandamana nao. Mwenye msongo halali vizuri, na asiyelala vizuri hukerwa na jambo dogo, nalo likamnyima usingizi tena.

Namna msongo unavyofanya kazi mwilini ilianza kueleweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia unapoona hatari: moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli, sukari huongezeka katika damu. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, alionyesha kwamba mwili unaobanwa kwa muda mrefu hupitia hatua tatu, na ya mwisho ni kuishiwa nguvu. Homoni ya kotisoli, inayohusika sana na jambo hili, kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka usiku. Mwili una saa yake, na sehemu kubwa ya uchovu wa watu wa mjini hutokana na kuishi kinyume na saa hiyo.

Madinat Sultan Qaboos ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni mtaa wa Maskati uliojengwa miaka ya 1970 kwenye vilima vilivyo kati ya Qurum na Al Khuwair. Nyumba zake zina nafasi na viyoyozi, wizara ziko jirani upande wa Al Khuwair, na ufuo wa Qurum ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Wanaishi humo Waomani na wageni wa mataifa mengi. Katika Maskati yote wapo pia Waomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani, wengi wao wa familia zilizotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, au walioitikia mwito wa kurudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970. Kwa kipimo cha mabibi na mababu wa familia hizo, waliochota maji kisimani na kwenda shamba kwa miguu, maisha ya leo ni mepesi. Mzigo umetoka mabegani, lakini uchovu umebaki, na chanzo chake kinapaswa kutafutwa kwingine.

Pa kuanzia ni maradhi. Ushauri wowote kuhusu mazoea ni bure ikiwa mtu ana upungufu wa damu, kisukari ambacho hakijagunduliwa, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi pole pole. Upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida katika nchi za Ghuba, ingawa jua linawaka mwaka mzima, kwa sababu watu hulikimbia jua lenyewe, mavazi hufunika ngozi, na kioo cha gari huzuia mionzi inayotengeneza vitamini hiyo. Oman ina pia mzigo wa maradhi ya damu ya kurithi, yaani selimundu, talasemia na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Selimundu na upungufu wa G6PD vinafahamika vilevile Afrika Mashariki, kwani vilishamiri pale malaria ilipokuwa imeenea. Mwenye upungufu wa G6PD anaweza kupungukiwa damu ghafla baada ya kula ful, yale maharage mapana yanayopendwa na Waarabu wakati wa kifungua kinywa, au baada ya kutumia dawa fulani. Anayekoroma kwa nguvu na kuamka na kichwa kizito huenda pumzi zake zinakatika usingizini bila yeye kujua.

Vipimo vya kawaida vya damu hugundua mengi ya haya. Uchovu unaopita wiki kadhaa bila sababu iliyo wazi, hasa ukiambatana na kukonda, homa, kukosa pumzi au kukata tamaa, unahitaji daktari kabla ya ratiba mpya. Katika nyumba nyingi za Waswahili na za Waomani, mtu anayenyong'onyea huambiwa kwamba amepigwa jicho, amehusudiwa, au ameingiliwa na jini, na hufanyiwa kisomo. Kisomo humtuliza mtu na hakipingani hata kidogo na kipimo cha damu. Madhara huja pale kisomo kinapokula miezi ambayo tiba ingekuwa imekwisha kuanza. Hali ni hiyo hiyo kwa sonona, ambayo kwa watu wengi hujitokeza kwanza kama maumivu ya mwili na uchovu, huku neno huzuni halijatamkwa. Hospitali ya Al Masarra iliyoko Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, ni ya maradhi ya akili, na kwenda huko kusichukuliwe kuwa ni aibu ya ukoo.

Maradhi yakishaondolewa katika hesabu, jambo la kwanza na zito kuliko yote ni usingizi. Watu wazima wanahitaji angalau saa saba kwa usiku. Mwezi Juni, sala ya isha Maskati huingia baada ya saa mbili usiku, na alfajiri huingia karibu saa kumi. Chakula cha usiku huliwa saa tatu au saa nne, wageni huja baada yake kwa sababu mchana joto halitembeleki, na nyumba hutulia saa sita. Mtu huyo huyo huamka kuswali, hulala tena kidogo, kisha saa kumi na mbili asubuhi watoto wanangojea basi la shule. Amepata saa tano, tena vipande vipande. Kwa miaka mingi kazi za serikali zilianza saa moja na nusu asubuhi na kumalizika saa nane na nusu mchana. Hapo hufuata chakula kikubwa cha wali, na baada yake usingizi wa saa mbili au tatu. Mtu huamka jua limeshuka, akiwa mzito kuliko alipolala, na usiku hana usingizi hadi saa sita au saba. Siku inayofuata inakuwa vilevile.

Kailula, yaani usingizi huo wa mchana, yenyewe haina lawama. Ni sunna, na katika nchi ya joto ni busara ya kale. Kinachoharibu ni urefu na wakati wake. Usingizi wa dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa, humwamsha mtu akiwa mwepesi. Ukizidi hapo, mwili huingia katika usingizi mzito, na kuamshwa katikati yake ndiko kunakoleta ule uzito wa kichwa. Sababu ya pili ni ya kikemia: mtu akiwa macho, adenosini hujikusanya katika ubongo na kumletea usingizi, na kulala kwa muda mrefu mchana huimaliza kabla usiku haujafika. Hatua inayozaa matunda haraka ni kushika saa moja ya kuamka kila siku, Ijumaa ikiwemo, na kuuacha mwili wenyewe uirudishe nyuma saa ya kulala. Kujilazimisha kulala mapema bila kubadilisha kailula na saa ya kuamka huishia katika kuhesabu boriti.

Familia zinazozungumza Kiswahili zina mwizi wa ziada wa usingizi. Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na mbele ya Uingereza kwa saa nne wakati wa baridi. Dada aliyeko Unguja akipiga simu saa nne usiku, Maskati ni saa tano. Binamu aliyeko London akimaliza kula saa tatu na kuanza kutuma salamu za sauti katika kundi la ukoo, Maskati imeshatimia saa saba za usiku. Simu iliyolazwa kando ya mto hulia, mtu husoma, hujibu, hucheka, na mwanga wa kioo huuambia ubongo kwamba bado ni mchana. Ukoo uliotawanyika kutoka Mombasa hadi Dubai unastahili kushikamana, na hakuna ajuaye thamani ya hilo kuliko watu waliotenganishwa na historia. Ila simu hizo zinaweza kuhamishiwa alasiri ya Ijumaa, wakati pande zote ziko macho, na usiku simu ikalala sebuleni. Aliye na mzazi mgonjwa mbali anaweza kuiachia namba moja au mbili tu ziweze kulia.

Joto nalo lina nafasi yake. Mwishoni mwa Juni 2018, mji wa Quriyat ulioko kusini-mashariki ya Maskati ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, na kuwa na usiku wa joto kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 unasaidia kueleza kwa nini jambo hilo ni zito kwa usingizi. Watafiti walipima usingizi wa Wahadza wa Tanzania, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Walikuta kwamba jamii hizo hulala saa chache baada ya jua kutua, joto la hewa likiwa linashuka, na huamka karibu na wakati ambapo joto limefika chini kabisa. Kukosa usingizi ni jambo nadra sana kwao. Mwili wa binadamu husubiri ubaridi ndipo ulale. Mkazi wa Madinat Sultan Qaboos ana kiyoyozi, lakini anapokiweka katika baridi ile ile mchana kutwa na usiku kucha, anaufichia mwili ishara hiyo. Ni afadhali sebule iachwe na joto kidogo jioni na chumba cha kulala kiwe baridi zaidi, taa zikipunguzwa baada ya isha. Asubuhi, dakika chache za mwanga wa jua kabla halijawa kali huiweka saa ya mwili sawa kuliko kikombe chochote cha chai au kahawa.

Kuhusu kikombe, kafeini huzuia adenosini isifanye kazi yake, na baada ya takriban saa tano nusu yake bado imo mwilini. Chai ya karak iliyonywewa saa kumi na moja jioni bado iko kazini saa nne usiku. Kahawa na tende za asubuhi hazina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, lakini baada ya saa nane mchana anayelalamika kukosa usingizi hana udhuru.

Jambo la pili ni mwendo. Maskati imejengwa kwa ajili ya gari. Mtu hutoka chumba chenye baridi, huingia gari lenye baridi, hupita Barabara ya Sultan Qaboos katika foleni, na hukaa kitini hadi saa ya kurudi. Mwili usiotumika hupoteza uwezo wa kutumika, na ngazi moja huuchosha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwachukua vijana wasiofanya mazoezi na waliokuwa wakilalamika uchovu, wakawapa baiskeli ya mazoezi ya dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Walioendesha pole pole uchovu wao ulipungua kwa asilimia 65, na walioendesha kwa nguvu zaidi kwa asilimia 49. Aliyechoka hahitaji kujitesa. Mwendo mwepesi ulimsaidia zaidi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kuanzia Novemba hadi Machi, hali ya hewa ya Maskati inayaruhusu karibu saa yoyote, na Bustani ya Qurum, ufuo wake na vilima vya Madinat Sultan Qaboos vyenyewe vinatosha bila ada ya ukumbi wa mazoezi. Kupanda mteremko mmoja wa mtaa huo kwa miguu, taratibu, ni zoezi kamili kwa mtu wa makamo. Kiangazi ni habari nyingine. Sheria ya Oman yenyewe imekiri ukali wake, kwani tangu uamuzi wa wizara wa mwaka 2008, kazi za nje zinasimamishwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo saa inayofaa ni baada ya alfajiri, kabla ya kurudi kitandani. Anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi kwa njia ndefu zaidi ameshapata dakika zake. Wengine hutembea ndani ya maduka makubwa, na hakuna ubaya, mradi matembezi yasiishie kwenye meza ya keki.

Chakula hakihitaji falsafa ndefu. Mlo mzito wa mchana wenye wali mwingi, mchuzi wa nazi na soda hupandisha sukari ya damu kisha huishusha, na mporomoko huo ndio watu wanaouita uchovu wa saa tisa. Si lazima wali uondoke sinia. Upungue, samaki na mboga viongezeke, na mlo mkubwa usogezwe mbali na kitanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo ni takriban vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya karak yenye maziwa ya kopo vinaweza kuumaliza mgao huo kabla ya halwa kufika. Serikali ya Oman iliweka kodi maalumu Juni 2019, asilimia 100 kwa vinywaji vya kuongeza nguvu na asilimia 50 kwa soda, na baadaye ikaijumuisha jamii nzima ya vinywaji vitamu. Kinywaji cha kuongeza nguvu ni mkopo wa riba kubwa: humpa kijana saa mbili za wepesi na kumdai usiku mzima. Maji ni rahisi zaidi, na kwa mtu anayekaa kwenye kiyoyozi ni rahisi pia kuyasahau, kwa kuwa hatoki jasho analoliona.

Msongo wa kazini hautibiwi kwa maji wala matembezi pekee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya kimataifa hali ya kuchoshwa na kazi, likaieleza kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, bila kuuita ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba juhudi hazizai kitu. Maelezo hayo yanaweka sehemu ya jukumu kwa mwajiri, na ndivyo inavyopasa. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 inaweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na saa 6 kwa siku kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani. Meneja anayetuma maagizo kwa simu saa nne usiku ameongeza siku ya kazi bila kuilipia. Mfanyakazi anaweza kujikinga kwa kiasi fulani. Anaweza kuyaandika yaliyobaki kabla ya kutoka ofisini ili yasimfuate kitandani, kuzima milio ya kundi la kazi, na kuswali sala zake kwa utulivu badala ya kuzipachika katikati ya mambo. Kupumua pole pole kwa dakika chache, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hupunguza mapigo ya moyo, na hilo linaweza kufanywa hata kwenye foleni.

Maongezi ya ana kwa ana nayo ni tiba. Baraza la Unguja na Lamu, na sabla ya Waomani, viliwapa watu mahali pa kukaa bila shughuli, kuzungumza na kunyamaza pamoja. Maisha ya nyumba zilizozungushiwa kuta yameyapunguza maongezi hayo. Mialiko ya harusi na matanga haijapungua, lakini hiyo ni wajibu zaidi kuliko starehe, na mwanamke anayefanya kazi ofisini kisha akatakiwa katika hafla tatu kwa wiki anaongezewa mzigo. Ukoo ungekubaliana kwamba kutuma mwakilishi mmoja si dharau, wengi wangepumua.

Yote yaliyotangulia yana sharti moja, kwamba mtu awe na mamlaka juu ya saa zake. Wapo wasio nayo, na wengine wao wamo ndani ya nyumba hizo hizo. Wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wamekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, na baadhi yao walieleza kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku, bila mapumziko wala siku ya kutoka. Wakati huo sheria ya kazi ya Oman haikuwahusu watumishi wa nyumbani. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo apunguze chai na atembee asubuhi ni kumkosea heshima. Uchovu wake una jina la mtu mwingine.

Nyumbani ndipo suala la mazoea linapogeuka kuwa suala la haki. Chakula cha saa nne usiku kina mtu anayekipika, anayekiondoa mezani, anayeosha masufuria saa sita, kisha anayeamka kabla ya wote kutayarisha watoto wa shule. Familia ikiamua kula baada ya magharibi, jiko likafungwa saa tatu, kila mtu akajiwekea sahani yake na msaidizi akapewa siku yake kamili ya mapumziko kila wiki, mtumishi anapata usingizi ambao ni haki yake, na wenye nyumba wanapata saa mbili za usiku ambazo hakuna dawa ya duka la dawa inayoweza kuwauzia.